Ajira Hupotea Asubuhi ya Kusomewa Shitaka
Hotuba kwa vijana wanaotafuta ajira serikalini na wazazi wao, Mtwara Mjini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, mashehe na mapadre mliotutangulia kwa dua, wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie kazi nyeti za Serikali na mtu aliyewahi kuwa na kesi. Likitoka tangazo la nafasi za Polisi, Magereza, Uhamiaji au utendaji wa kijiji, swali hili huanza kuzunguka kwenye simu zenu: mimi mwaka fulani nilikamatwa, je, naruhusiwa kuomba? Nitalijibu. Ila kuna jambo linalotangulia, na ndilo hasa lililonitoa ofisini leo. Wengi mnaamini kazi hizi zinapotea kwenye usaili, au kwenye upekuzi wa historia ya mwombaji, au kwa kukosa mtu wa kukushika mkono. Mimi ni wakili, nashinda mahakamani katika mikoa hii miwili ya Kusini, na ninachokiona ni kingine. Kazi hupotea mapema zaidi, asubuhi ile kijana anaposomewa shitaka na kukiri ili yaishe.

Chukueni kijana wa Tandahimba au Newala. Ni mwezi wa kumi na moja, minada ya korosho imechangamka, hela inaonekana. Anapewa mtaji na mtu asiyetaka kutajwa, anaingia vijijini kufanya kangomba: anapima korosho kwa bakuli kwa mkulima mwenye mgonjwa ndani au mtoto anayedaiwa ada, kwa bei ya kumuumiza, nje ya chama cha msingi cha wakulima na nje ya mfumo wa kuuza kwa stakabadhi ghalani. Anakamatwa na magunia yake. Mwenye mtaji haonekani tena. Kijana analala mahabusu, na jioni ndugu wanafika kituoni. Hapo ushauri unaanza, na unatoka kwa watu wanaompenda kwa dhati: mwanangu, wewe kubali tu, wakupige faini, tutachanga, urudi nyumbani.

Kesho yake anasimama mbele ya hakimu. Shitaka linasomwa, anaulizwa, anajibu ni kweli. Mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kosa lilivyotendeka, tarehe, kijiji, idadi ya magunia. Anaulizwa tena kama maelezo hayo ni sahihi, anajibu ni sahihi. Hakimu anaandika kwamba mshitakiwa ametiwa hatiani kwa kukiri kwake mwenyewe. Faini inalipwa kabla ya adhuhuri. Saa nane kijana yuko kwao anakula, na mama anamshukuru Mungu.

Nani alimwambia kijana huyu kilichoandikwa? Mara nyingi hakuna. Wanaona kesi imekwisha kwa kuwa faini imelipwa. Faini ni adhabu, na adhabu kweli imekwisha. Hatia haikulipwa na ile faini. Imebaki kwenye jalada la mahakama, na alama za vidole alizochukuliwa kituoni zimebaki na Jeshi la Polisi. Miaka inapita, kijana anamaliza chuo, anaomba nafasi katika moja ya majeshi yetu, na miongoni mwa masharti anakuta linalomtaka awe hana kumbukumbu za uhalifu. Hapo ndipo ananipigia simu.

Na hapo ndipo nalazimika kumwambia jambo zito. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, mtu aliyetiwa hatiani kwa kukiri kosa haruhusiwi kukata rufaa kupinga hatia hiyo. Anaweza kupinga ukubwa wa adhabu au uhalali wake, basi. Mahakama zetu za juu zimeacha mlango mwembamba kwa yule ambaye kukiri kwake kulikuwa na utata, au aliyekiri maelezo ambayo hata yakiwa ya kweli hayaonyeshi kosa lolote kisheria. Lakini ni mwembamba kweli, na aliyejibu kwa ufasaha kwamba yote ni sahihi hapiti.

Mama zangu, baba zangu, nisieleweke vibaya. Simfundishi mtu kudanganya mahakama. Aliyetenda kosa na akalielewa, kukiri ni uungwana, na hakimu hulizingatia hilo anapopanga adhabu. Ninachokipinga ni kukiri kwa haraka ya kwenda nyumbani. Nimeona vijana wakikiri wizi kumbe waliazimana pikipiki na mwenzao wakagombana. Nimeona wakikiri kujeruhi kumbe walikuwa wanajikinga. Maelezo hayo yangekuwa utetezi kamili. Yamezikwa na maneno mawili yaliyosemwa kwa uchovu wa usiku mmoja wa mahabusu.

Kwa hiyo kama ni mwanao, fanya hivi. Mwambie asikilize kila neno la hati ya mashtaka. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, hakuna sababu ya kijana kukiri asichokielewa. Akiwa na maelezo yake, ayaseme yote, kwa sababu sheria inamtaka hakimu aandike majibu ya mshitakiwa kwa maneno yanayokaribiana kadiri inavyowezekana na aliyoyatamka. Kijana akisema ni kweli nilichukua lakini alinipa mwenyewe, huko si kukiri wizi, na hakimu makini ataandika kwamba amekana. Ombeni dhamana, na kumbukeni dhamana haiuzwi, kituoni wala mahakamani. Tafuteni wasaidizi wa kisheria, wametambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na kazi yao ni hii. Usiku ule mnaokesha nje ya kituo mkishauriana kuhusu faini, mmoja wenu aende akamtafute msaidizi wa kisheria.

Na kama kijana hajafikisha miaka 18, tafadhali semeni umri wake kwa sauti. Huku kwetu watoto wengi hawana vyeti vya kuzaliwa mkononi, na mtoto mrefu wa miaka 16 anaandikwa 19 bila mtu kuuliza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani, na inataka shauri lake lisikilizwe na mahakama ya watoto. Umri ukiandikwa vibaya kituoni, mtoto anaburutwa katika njia ya watu wazima na anatoka na historia ya mtu mzima. Kadi ya kliniki ipelekwe. Mama mzazi aende akaseme mwenyewe.

Sasa nijibu lile swali la kwenye simu. Kukamatwa si kumbukumbu ya hatia. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inasema mtu aliyeshitakiwa kwa kosa la jinai asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba ana hatia. Mji huu unaikumbuka Mei 2013, vurugu za bomba la gesi. Vijana wengi walikamatwa, wengine wakaachiwa, na baadhi yao leo ni watu wazima wenye familia ambao bado wanaogopa kujaza fomu yoyote ya Serikali. Kama uliachiwa bila mahakama kukutia hatiani, wewe ni raia kama mwingine. Usijihukumu kabla ya kuhukumiwa.

Lakini mjue mliachiwa vipi, maana kuachiwa si kwa namna moja, na hapa watu wanakosea sana. Yupo aliyeachiwa huru baada ya ushahidi kusikilizwa na kuonekana hautoshi: huyo hana hatia, limekwisha. Yupo ambaye Mkurugenzi wa Mashtaka aliliondoa shauri lake mahakamani: naye hana hatia, ingawa anaweza kushitakiwa upya kwa jambo lile lile. Na yupo ambaye mahakama ilimtia hatiani, ikaona hakuna haja ya kumwadhibu, ikamwachia chini ya kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu kwa sharti la kutotenda kosa jingine ndani ya muda usiozidi miezi 12. Huyu wa tatu alitoka mahakamani akiwa na furaha ileile ya wawili wa kwanza, akijua ameachiwa, kumbe hatia ilishatamkwa. Akikutana na fomu inayouliza kama amewahi kutiwa hatiani, aje kwanza tuisome hukumu yake kabla hajaandika chochote.

Na fomu zenyewe zisomeni kila neno. Kuuliza kama umewahi kushitakiwa ni swali moja, kama umewahi kutiwa hatiani ni jingine, kama umewahi kufungwa ni la tatu. Matangazo mengi ya halmashauri kwa kazi kama utendaji wa kijiji na udereva yanataka mwombaji asiwe amepatikana na hatia ya kosa la jinai na kufungwa jela, isipokuwa awe na kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi. Yanataja hatia pamoja na kifungo. Aliyelipa faini akaenda zake, kwa sharti lililoandikwa hivyo, si sawa na aliyetumikia kifungo. Majeshi yana masharti yake, nayo ni makali zaidi. Msichukue jibu la tangazo moja mkalipeleka kwenye jingine.

Wapo watakaoniuliza: kwani hata hii ya kuchuja waliofungwa ni haki? Nasema ndiyo, kwa kazi zinazohusika, na nalisema hili nikiwa nawatetea watu wa aina hiyo kila wiki. Mtendaji wa kijiji ni mlinzi wa amani, anakusanya ushuru, anashika mashine ya mapato, ndiye anayeandika barua ya kukutambulisha. Mtunza ghala wa chama cha msingi amekabidhiwa jasho la msimu mzima la watu mia kadhaa. Afisa wa forodha bandarini hapa, afisa uhamiaji pale Kilambo au kwenye Daraja la Umoja, karani wa masijala ya siri, askari magereza, hawa wakiwa na bei, hatuna Serikali. Mpaka wetu na Msumbiji si mpaka wa kuchezea. Oktoba 2020 tulizika ndugu zetu wa kijiji cha Kitaya waliouawa na wavamizi waliovuka mto Ruvuma. Upekuzi katika kazi hizi unalinda roho za watu. Na mwalimu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumdhalilisha mtoto asirudi darasani, leo wala baada ya miaka 30. Kwa hilo sina huruma ya kutoa.

Ninachogombana nacho ni kufunga kwa jumla, kosa lolote, mwaka wowote, kazi yoyote. Tazameni Katiba yenyewe ilivyopima kwa mbunge. Ibara ya 67 inamzuia aliyehukumiwa kifungo kinachozidi miezi sita kwa kosa la utovu wa uaminifu. Inamzuia aliyekwepa kodi na kutiwa hatiani ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi. Hata sifa za Rais, ibara ya 39, zinatazama miaka mitano hiyohiyo kwa kukwepa kodi. Waandishi wa Katiba waliuliza ni kosa gani, lilikuwa na uzito gani, na lini. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyefungwa miezi mitatu mwaka 2005 kwa kupigana kwenye ngoma anaweza leo kugombea ubunge akatunga sheria za nchi nzima, ila kuwa mtendaji wa kijiji alichozaliwa ni mpaka apate kibali kutoka Dodoma. Sioni mantiki yake, na nimeitafuta.

Wenzetu wamejaribu kulipanga jambo hili. Uingereza ina sheria tangu mwaka 1974 inayosema hukumu nyingi zikishapita muda uliowekwa, mtu halazimiki tena kuzitaja anapoomba kazi, isipokuwa kwa kazi zilizoorodheshwa kama polisi, magereza na zile za kukaa na watoto. Afrika Kusini inaruhusu mtu aliyepata adhabu nyepesi aombe kumbukumbu yake ifutwe baada ya miaka 10. Nchi hizo mbili bado zina polisi na bado zina magereza. Zimekubali tu kwamba kosa la miaka 19 na la miaka 45 si la mtu yuleyule, na kwamba kazi ya kufagia soko haina siri ya Taifa ndani yake.

Mimi ningetaka waajiri wetu wa umma waandike kwenye tangazo ni makosa ya aina gani yanayogusa kazi ile. Wizi na kughushi kwa mhasibu na mtunza ghala. Rushwa kwa kila anayetoa leseni au kibali. Ulevi barabarani kwa dereva. Na waseme ni kwa muda gani. Ningetaka pia njia ya kuomba kile kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi ielezwe palepale kwenye tangazo, aombe nani, aambatanishe nini. Ninyi mliokaa hapa, wangapi mmewahi kuona mtu akielekezwa namna ya kukiomba? Mlango usioonyeshwa, kwa mtoto wa Nanyamba ni sawa na ukuta.

Niseme kidogo kuhusu kuficha, maana najua wapo wanaowaza hilo. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwatoa kazini watumishi 9,932 kwa vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa na miaka mingi kazini, walikuwa wameshajenga, wamesomesha. Kumbukumbu ya jinai ni hivyohivyo, tena ina alama za vidole. Na sasa hukumu nyingi za mahakama za juu zipo TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, bure, mtu anaandika jina lako kwenye simu na kusoma. Kwa kosa dogo la ujana unaweza kueleweka. Ukilificha, unajitengenezea kosa jipya la uongo, na kughushi peke yake kunaweza kukupeleka jela miaka saba. Andika ukweli, ambatanisha nakala ya hukumu na risiti ya faini, eleza kwa aya moja ulikuwa na umri gani na umefanya nini tangu hapo.

Kwa maafisa utumishi na wajumbe wa bodi za ajira waliopo hapa, nina ombi kuhusu hiyohiyo TanzLII. Mkikuta jina la mwombaji, msiishie ukurasa wa kwanza. Wako watu waliofungwa na mahakama ya wilaya wakaachiwa na Mahakama Kuu hapa Mtwara au na Mahakama ya Rufani, na hukumu inayowasafisha ndiyo hiyohiyo inayowaanika, kwa sababu inaanza kwa kusimulia walishitakiwa kwa nini. Someni mpaka mwisho palipoandikwa amri. Pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za makosa ya jinai kuwa taarifa nyeti. Habari ya kesi ya mtu si ya kuzungumzwa kwenye chai ya ofisi, wala kupigiwa picha na kutumwa kwenye kundi la mtaa.

Jingine ni msamaha. Kila Sikukuu ya Uhuru na ya Muungano Rais hutumia madaraka yake ya ibara ya 45 na wafungwa hutoka. Familia nyingi hudhani kosa limefutika siku hiyo. Kupunguziwa kifungo kunafupisha adhabu, hukumu ya hatia inabaki kama ilivyoandikwa. Asiende mtu kwenye usaili akasema nilisamehewa kwa hiyo sina rekodi. Aseme alihukumiwa, akatumikia, akapata msamaha.

Nimalizie na wenye hukumu ambazo bado zinaweza kuguswa. Ukitiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, una siku 10 za kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa, na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe Mahakama Kuu, ambazo hazihesabu muda wa kusubiri nakala za hukumu na za mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Waliochelewa wanaweza kuomba kuongezewa muda, na watatakiwa kutoa sababu za msingi. Sikujua sheria haikubaliki kama sababu. Ugonjwa wenye vyeti, kucheleweshewa nakala, kuwa gerezani ambako karatasi zilipita kwa wengine, hizo husikilizwa. Na aliyekiri asikate tamaa kabla hatujausoma mwenendo wake, tuone hasa alijibu nini na kiliandikwa nini.

Wasaidizi wa kisheria wawili wamekaa kwenye meza ile karibu na mlango. Wenye nakala za hukumu waanze kwao sasa hivi, hasa ambao hukumu zao ni za msimu huu uliopita. Wasio na nakala, mwandike jina la mahakama, mwaka, na jina kama lilivyoandikwa kwenye shitaka, hata kama lilikosewa herufi. Barua za kuomba mwenendo wa mashauri tutaziandika hapahapa leo, na kesho asubuhi nitazipeleka masijala mwenyewe.